Fundo la Mama Mkwe

Mwezi wa nane, siku ya kwanza

Mvua. Kwa kuwa siwezi kusema yote ninayowafikiria watu wa nyumba hii bila kuitwa mkorofi, nitayaandika. Baba yangu alikuwa karani wa ngome, akakosa mtoto wa kiume, akanifundisha mimi herufi. Basi zifanye kazi.

Mwanangu Sunta ana mabega ya marehemu baba yake na akili ya tandiko. Mkewe, Imanda, tulimtoa msituni kwa Wasoloni, watu wa kuwinda, mwaka huu barafu ilipoyeyuka, naye hana hata mabega. Hao ndio watu wawili ambao nyumba hii inawategemea.

Nafasi ya mume wangu Tulai katika kikosi cha wapanda farasi imekaa wazi tangu afe, kwa hisani ya Akida Gabula, kwa sababu Sunta alikuwa mdogo. Hisani imekwisha. Baada ya msako mkubwa wa wanyama, vuli hii, itajazwa. Sunta akiipata, tunabaki hapa. Akiikosa, nyumba inarudi kwa kikosi, nasi tunahamia mashamba ya nje kulima mtama na kulala na kupe. Anayeishindania naye ni Yangsai, mtoto wa jirani yetu Nioro, kijana mwenye meno mengi kuliko maneno.

Siku ya pili

Mvua. Uji umeungua.

Siku ya nne

Imanda amepika nyama ya nguruwe pori aliyoletewa na kaka yake. Nimeimwaga nje, sufuria na vyote.

"Mama, nyama nzuri hiyo," akasema.

"Nguruwe ndiye aliyeniulia mume. Katika nyumba hii haliwi."

Akafungua mdomo, akaufunga. Ndivyo alivyo. Kila neno lake huja mpaka mlangoni likageuka. Sijala nguruwe pori tangu siku waliyomrudisha Tulai amefunikwa blanketi, na nikikutana na kichwa cha nguruwe sokoni nakitemea mate.

Siku ya tano

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu amekuja na kamba ya kila mguu. Siku ya kwanza aliingia humu amevaa kofia ya kichwa cha paa, masikio yamesimama, mbwa wakambwekea hadi wakapaliwa. Akaweka mjeledi wake kwenye kitanda cha matofali cha upande wa magharibi, mahali pa mizimu ya ukoo, ambapo hata mimi siweki kijiko. Sasa ameshajifunza kunijazia kiko asubuhi na jioni, lakini tumbaku anaishindilia mpaka navuta kama mtu anayenyonya jiwe.

Siku ya tisa

Mvua imepumzika. Nimeushusha upinde wa Tulai ukutani.

Hakuna upinde kama huo tena ngomeni. Pembe ya nyati tumboni, kano mgongoni, gundi ya samaki, na yale masikio yake mawili marefu ya mbao yanayoshika ugwe. Ukitiwa ugwe, unamfika mtu kifuani. Vijana wa siku hizi wanabeba vijipinde vya kuchokolea panya. Ala yake ni ya ngozi nyekundu, yenye vipande vya fedha.

Nyumba hii ina namna yake ya kuubeba. Ala inaning'inizwa juu kabisa ya mkanda, ubavuni kushoto, ili sikio la upinde lisimame juu ya bega. Ukimwona mpanda farasi kwa mbali, unaliona sikio kwanza, unasema: yule ni wa nyumba ya Tulai. Kisha kuna fundo. Mwanamke mkubwa wa nyumba ndiye anayeifunga ala kwenye mkanda asubuhi ya kutoka, kwa uzi wa kano uliolowekwa, unavutwa kwa meno, ukikauka unakuwa jiwe. Usiku mwindaji anauvua mkanda pamoja na ala yake. Fundo haliguswi mpaka arudi nyumbani, na hapo linakatwa kwa kisu.

Mimi nilifundishwa na mama mkwe wangu. Nikikosea alinigonga vidole kwa kiko chake cha shaba. Nilimchukia yule bibi kwa moyo wangu wote, ila fundo lake nalijua. Yeye ndiye aliyemfungia Tulai kila mwaka mpaka mwaka wa mwisho. Mimi sijawahi kumfungia mtu. Mwaka huu ni zamu yangu.

Siku ya kumi na moja

Sunta amefanya mazoezi uwanjani. Kati ya mishale mitatu ulioingia ni mmoja. Yangsai: miwili. Mama yake alipiga makofi kama mtu anayefukuza kunguru.

Siku ya kumi na nne

Leo nimemkuta Imanda nyuma ya zizi akimfundisha mume wake kubeba upinde. Mwanamke! Tena wa kutoka kwenye mahema ya magome!

Ameishusha ala mpaka chini ya nyonga, imelala kufuata paja la farasi, sikio linaangalia nyuma kama mkia wa mbwa aliyepigwa. Ugwe umeelekea nyuma. Juu ameufunika upinde kwa kipande cha ngozi ya paa. Podo la mishale upande wa kulia amelitia kitambaa kizito chini, ncha zisitoboe, na ukanda juu, mishale isirukeruke.

"Hii ni nini?" nikauliza.

Sunta akaangalia kwato za farasi.

"Mama," akasema Imanda, "kwenye miti, kitu kilichosimama kinanasa. Kikilala, tawi linateleza."

"Na akitaka kupiga?"

"Anaweka mkono nyuma, anauchomoa. Sunta, mwonyeshe Mama."

Akanionyesha. Nakiri alikuwa mwepesi. Hata mwizi ni mwepesi.

"Na hili fundo?"

Hapo ndipo nilipoona. Amefunga ala kwa tanzi. Tanzi! Ukivuta taratibu linashika, ukilipiga mkutuo mkubwa kwa nyuma linaachia lote, ala na upinde vinabaki huko, mtu anaendelea na safari yake. Alinionyesha mwenyewe, anajivunia.

"Kwa hiyo umemfungia mume wako upinde wa baba yake ili uanguke."

"Nimemfungia ili asianguke yeye."

"Lo! Mwanamke anayefunga fundo la kufunguka ni mwanamke mwenye mguu mmoja nje ya mlango."

Alikunja midomo akaanza kumpiga farasi brashi. Mtu wa kwetu angalau angelia.

Siku ya kumi na tano

Sikukuu ya mwezi, na mwezi wenyewe haukuonekana. Mvua.

Siku ya kumi na nane

Akida Gabula alipita kunywa chai. Amenenepa, farasi wake ananitia huruma. Aliutazama upinde ukutani, akaacha kutafuna.

"Shemeji, mtoto atabeba huo?"

"Ulitaka abebe ufagio?"

"Mwaka huu tutasakia kwenye kilima cha mialoni. Miti imekaribiana sana. Labda kijipinde kifupi..."

"Gabula," nikamwambia, "mume wangu aliubeba huu kwenye mialoni hiyohiyo."

Akasema ndiyo, ndiyo, akamaliza chai yake imemwagikia ndevu, akaondoka bila kuomba kikombe cha pili. Huyu ndiye aliyekuwa anatuongoza vitani. Sishangai kwamba mpaka wa nchi ulirudi nyuma.

Siku ya ishirini na mbili

Baridi ya kwanza. Sunta kaingiza mishale mitatu kati ya mitatu. Mimi nilikuwa na mafua, sikwenda. Amenieleza mara nne.

Siku ya ishirini na tano

Nimewaambia: ala itakaa juu, kama ya baba yake, na fundo nitafunga mimi. Wanaochagua hawatazami paja la farasi. Wanatazama bega. Akipita mbele yao sikio limesimama, watamkumbuka Tulai, na nafasi ni yetu. Ni nani atakayempa nafasi ya Tulai mtu aliyebeba upinde kama mzigo wa kuni?

"Mama," Sunta akasema, "Imanda anasema kwenye mialoni..."

"Imanda anasema! Imanda amezaliwa na nani katika ukoo huu?"

"Amezaliwa kwenye mialoni, Mama."

Nilimrushia kiko. Hakikumpata. Shabaha yake mbovu ameirithi kwangu.

Usiku kucha niliwasikia wakinong'ona upande wao wa kitanda, na moto chini ya matofali ya kitanda ukinichoma mgongo kwa sababu Imanda aliongeza kuni mno. Yeye hajui kiasi. Kwao wanalala kwenye theluji.

Mwezi wa tisa, siku ya kwanza

Kimya ndani ya nyumba. Uji haujaungua, na hiyo ni aina yake ya matusi.

Siku ya tatu

Wametoka.

Ngome yote ilikuwa langoni. Wingu la mvua lilikuwa limeondoka, kulikuwa na baridi kavu na jua. Tuliupasha upinde juu ya mkaa mpaka ukalainika, Sunta na Imanda wakaupinda pamoja, nikatia ugwe mimi. Kisha nikaona kwamba mkanda wake ulikuwa umeshafungwa. Tanzi lilelile, ala chini kwenye nyonga. Walidhani sitaangalia mbele za watu.

Nikalifungua tanzi lake kwa vidole viwili. Ni kweli linaachia upesi, kama aibu ya mtu asiye nayo. Nikaipandisha ala. Nikautoa uzi wa kano mdomoni, nilikuwa nautafuna tangu alfajiri, nikazungusha mara tatu, nikapitisha chini, nikavuta kwa meno mpaka fizi zikatoa damu. Nioro na wengine walikuwa wanatazama. Nilitaka watazame.

"Mama, acha tanzi," Imanda akasema. Alisema kwa sauti, mbele ya watu. "Nakuomba."

"Ondoka mbele yangu."

"Mama, nakupigia magoti." Na kweli akapiga magoti, kwenye matope yaliyoganda, na nguo mpya.

Aibu niliyoipata! Watu wakageuza nyuso. Sunta alisimama kati yetu kama nguzo ya zizi. Nikamwambia apande farasi. Akapanda. Sikio la upinde likasimama juu ya bega lake, na mbingu zinione, kwa kitambo kidogo nilimwona Tulai, nikashindwa hata kumtukana mtu.

Imanda alimshikia farasi hadi nje ya lango, kama ilivyo ada ya wake. Alichelewa kurudi. Kulialia huko, bila shaka. Baragumu lilipigwa mara ya pili ndipo nikamwona anarudi, mikono ameificha kwapani kwa baridi.

Siku ya nne

Hakuna habari. Imanda hasemi nami. Raha iliyoje.

Siku ya sita

Mawingu. Kunguru wamekula nafaka yote niliyowawekea juu ya mlingoti wa mizimu. Ni dalili njema. Nimemwambia Imanda. Kasema, "Ndiyo, Mama." Anakaa mlangoni akitazama upande wa kilima mpaka chai inaganda.

Siku ya saba

Theluji nyepesi.

Siku ya nane

Sijui nianzie wapi. Vidole vyangu havishiki kalamu vizuri na nimejikojolea kwa sababu ya kukaa juu ya farasi. Nitaandika hivyohivyo.

Asubuhi nilikwenda kisimani. Nioro alikuwepo, anavunja barafu.

"Mama Sunta, hujambo. Wanasema leo ndio wanafunga duara la kuwazingira wanyama kilimani."

"Wafunge tu. Mwanao asije akakanyagwa na sungura."

Akacheka. Nioro ana tabia mbaya ya kucheka mtu akimtukana, humnyima mtu raha. "Yangsai amebeba kile kijipinde cha mjomba wake," akasema. "Nilimwambia abebe chepesi, kwenye ile miti."

"Wangu kabeba wa baba yake. Na nimemfungia kwa fundo la nyumba yetu. Fundo lisiloachia."

Akaacha kucheka. Akaweka ndoo chini.

"Ulimfungia lile? Nilidhani ulikuwa unamfungia tu kwa ajili ya kupita langoni."

"Lile lile la mama mkwe wangu. Kwani vipi?"

"Mama Sunta." Akanishika mkono wa nguo. "Hukuambiwa kweli? Miaka yote hii?"

"Niambiwe nini? Niachie mkono."

Hakuniachia. Alisema upesi upesi, huku akitazama ndoo. "Nguruwe hakumgusa Tulai. Sikio la upinde lilinasa kwenye panda ya mwaloni, farasi yuko mbioni. Fundo halikuachia. Akavutwa nyuma, mguu ukabaki kwenye kikuku cha tandiko. Farasi hakusimama mpaka mtoni. Mume wangu alikuwa wa tatu kutoka kwake kwenye mstari, aliona kwa macho yake."

"Muongo mkubwa wewe."

"Akida alituambia tuseme nguruwe. Kufa kwa nguruwe ni kufa kiume. Na yule mama mkwe wako alikuwa bado hai. Nani angekwenda kumwambia kwamba mkono wake mwenyewe ndio uliomfunga mtoto wake?"

Nilimpiga kofi. Halafu nikaiacha ndoo nikarudi nyumbani mbio, mimi, na viatu vyangu hivi.

Imanda alikuwa anasonga unga wa mtama.

"Tandika farasi wawili."

"Tunakwenda wapi, Mama?"

"Nimesema tandika!"

Akatandika. Hakuuliza tena. Alinipandisha kama gunia, akapanda yeye, tukatoka langoni mlinzi akituita nyuma. Sijapanda farasi tangu Sunta aache kunyonya. Theluji ilikuwa inaanguka ya kutosha kuudhi, si ya kutosha kumzuia mtu. Nilikuwa naona tu lile fundo. Nalijua kila mzunguko wake. Nilijua limekwisha kukauka, na kwamba hakuna kidole cha mwanadamu kitakacholifungua.

Njia nzima sikusema. Ningesemaje? Yule niliyempigisha magoti kwenye matope. Mpaka tulipofika kivukoni, farasi wangu akagoma kuingia majini, nikaanza kulia kwa hasira, na maneno yakatoka.

"Nguruwe hakumuua Tulai."

"Najua, Mama," akasema Imanda.

"Unajua?"

"Kwetu wote tunajua. Siku ile waongoza njia walikuwa watu wetu. Baba yangu ndiye aliyemshika farasi pale mtoni. Ndiye aliyelikata fundo."

Nikamgeukia. "Na ukakaa nyumbani kwangu miezi yote ukinijazia kiko, usiseme?"

"Siku ya nguruwe nilitaka kusema. Ungeniamini?"

Nisingemwamini. Ningemrudisha kwao kabla uji haujachemka. Hilo nalo lilinichoma, kwamba mtoto huyu alinijua vizuri hivyo.

"Basi twende, twende likakatwe!" nikasema. "Unakaa nini?"

"Nililikata, Mama. Nje ya lango. Nilikuwa na kisu kwenye mkono wa nguo. Nikamfungia tanzi."

Nilimtukana. Nilikaa juu ya farasi pale ukingoni, theluji inaniingia shingoni, nikamtukana yeye, baba yake, mahema yao na mbwa wao, jinsi alivyothubutu kulikata fundo la ukoo wetu, mwizi, mchawi, mtoto wa paa, na machozi yananitiririka mpaka kidevuni. Yeye alimshika farasi wangu hatamu, akasubiri. Nilipochoka akasema:

"Lakini ala sikuwahi kuishusha. Baragumu lililia. Sikio bado liko juu. Tanzi litaachia, ila akitupwa, sijui ataangukia wapi."

Tukaendelea.

Tulikutana nao chini ya kilima. Kwanza wapanda farasi, halafu mkokoteni wa kulungu, damu inadondoka kwenye theluji. Nilitafuta sikio juu ya bega. Nikatazama bega la kila mtu. Hakuna sikio. Nilitazama mkokoteni, chini ya wale kulungu, kama kuna blanketi.

"Yule," Imanda akasema.

Alikuwa anatembea kwa miguu, anamvuta farasi wake, mkono mmoja umefungwa kifuani, uso umechanika kutoka sikioni mpaka kidevuni. Mkandani hakuwa na kitu. Aliponiona akasimama, na midomo yake ikaanza kutetemeka kama alipokuwa na miaka mitano akivunja bakuli.

"Mama," akasema. "Upinde wa Baba. Ulinasa. Umevunjika vipande viwili, Mama, sikukusu..."

"Mpumbavu wewe," nikamwambia. "Nani amekuuliza habari za upinde?"

Nikashuka, yaani nikaanguka, nikamshika. Nilimpapasa kichwa, mbavu, miguu yote miwili, mbele ya kikosi kizima. Akasema, "Mama, watu wanaangalia." Waangalie.

Akida Gabula akaja na farasi wake anayehema. Alikuwa ameshika vipande vya upinde, na ala nyekundu inaning'inia. Nikautazama uzi wa ile ala. Haukukatika. Haukuchanika. Ulikuwa umefunguka tu, laini, kana kwamba mtu ameufungua mezani.

"Shemeji," akasema, "kijana alitupwa, akasimama, akampanda farasi, akashika nafasi yake kwenye mstari bila silaha. Kwa mjeledi. Hakuna mnyama aliyepita kwake. Lakini sheria unaijua. Aliyepoteza upinde msakoni haandikwi."

"Nguruwe alikuwa mkubwa kiasi gani, Gabula?"

"Nguruwe gani?"

"Yule aliyemuua mume wangu."

Akawa mwekundu, kisha mweupe. Akatazama wanaume wake, nao wakatazama kulungu. "Ilikuwa heshima ya nyumba yenu, Shemeji. Tulikubaliana..."

"Mlikubaliana mkaniachia fundo. Mlijua nina mtoto wa kiume na fundo, mkanyamaza, mkanywa chai yangu. Kwenye kiti chako uliutazama upinde ule ukashindwa kusema sentensi moja. Mwandike unayemtaka. Nipishe."

Akanipisha. Wanaume sitini wenye pinde, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ulimi.

Siku ya tisa

Nimelala.

Siku ya kumi na mbili

Nafasi amepewa Yangsai. Nyumba inarudi kwa kikosi barafu ikiyeyuka.

Siku ya kumi na tatu

Nioro amefanya karamu, akanialika, licha ya kofi. Nilikwenda ili watu wasiseme nimejificha. Palikuwa na nguruwe pori wa kuchemsha. Akaniwekea sahani, akasita, akataka kuiondoa.

"Iache," nikamwambia.

Nimekula vipande vitatu. Ni mtamu, mafuta yake yanaganda mdomoni. Nimemkosea sana mnyama yule. Nilipokuwa naaga, Nioro akaniuliza pembeni, kwa aibu, kama Imanda anaweza kumwonyesha lile tanzi, kwa ajili ya Yangsai. Nikamwambia nitafikiria. Nilipofika nyumbani nikamwambia Imanda aende.

Siku ya ishirini

Theluji kila siku. Imeamuliwa: tutakaa mashamba ya nje, upande wa juu, karibu na msitu wa kwao Imanda, na Sunta atawinda na kaka zake. Shemeji zake wamemletea upinde mfupi, mweusi, mbaya wa sura kuliko mtu aliyeuleta. Nimeambiwa kwamba huenda majira ya joto tukalala kwenye hema la magome. Mimi, binti wa karani.

Vipande vya upinde wa Tulai nimeviweka kwenye kitanda cha magharibi, kwa mizimu. Mama mkwe wangu yuko huko pia. Wakae wazungumze.

Mwezi wa kumi, siku ya pili

Bega la Sunta limepona. Kesho anatoka na shemeji zake kutafuta paa. Jioni nilimwambia Imanda alete mkanda.

"Wewe ndiye utakayefunga, Mama?"

"Ni kazi ya mwanamke mkubwa wa nyumba. Au nimekufa?"

Akasimama kama anayetaka kukimbia na huo mkanda. Nikamwambia, "Nifundishe hilo tanzi lako."

Alikaa karibu nami kitandani, kwenye joto. Akafanya polepole: huku juu, huku chini, mkunjo unaacha ulimi wake nje. Nikafanya mimi. Nikavuta kwa meno, kwa mazoea, likawa jiwe.

"Sivyo, Mama."

Nikafanya tena. Likawa jiwe. Vidole hivi vilifundishwa kwa shaba, havitaki kitu kingine. Mara ya tatu nilizungusha mara tatu bila hata kufikiria, na kabla sijavuta, Imanda alichukua kiko changu pale kwenye sinia akanigonga vidole. Tena si kwa utani. Kililia ko!

Sunta pembeni aliacha kutafuna. Imanda akawa mweupe kama unga, kiko bado kimo mkononi, na nikaona anasubiri nimrudishe kwao.

Nikavinyoosha vidole. Viliwaka.

Miezi yote hii nimekuwa nikijiuliza kama msichana huyu atakuja kuwa mtu wa nyumba hii. Nikaushika mkanda, nikamwambia, "Haya. Tena."